Choki Inapogeuka Mkongojo

Alfajiri pale Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kiki za bodaboda huanza kusikika kabla hakujapambazuka vizuri. Dereva anapandisha leva ya choki, anapiga kiki mara mbili, pikipiki inakohoa, inashika. Mwenzake wa Dar es Salaam huenda akamaliza miezi bila kuigusa leva hiyo, na pikipiki zao ni za aina moja. Kinachowatofautisha ni baridi.

Petroli ikiwa bado matone haiwaki vizuri. Kinachoshika cheche ya plagi ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Injini ikiwa imepata moto, gramu 1 ya petroli huungua kikamilifu kwa gramu 14.7 hivi za hewa. Ikiwa baridi, sehemu kubwa ya petroli hubaki matone na kujibandika kwenye kuta za njia ya kuingilia, kwa hiyo mvuke unaofika kwenye plagi hautoshi. Choki huzidisha petroli, ili hata ule mgawo mdogo unaogeuka mvuke uweze kuwaka. Haina kazi nyingine.

Sasa, kabureta haina pampu ya kurushia petroli kwenye injini. Pistoni ya injini ikishuka huvuta hewa, na hewa hiyo ikipita kwenye koo jembamba la kabureta huongeza kasi huku kanieneo yake ikishuka. Petroli iliyotulia kwenye bakuli, pale lilipo boya, inakandamizwa na hewa ya nje, hivyo inapanda kwenye vitundu vya jeti na kumwagika kooni. Ukiuelewa mvuto huo, choki haitakusumbua.

Tatizo ni kwamba jina choki limebeba vifaa viwili tofauti. Pikipiki zenye kabureta ya mtindo wa Honda CG125, iliyoingia sokoni mwaka 1976 na kuigwa mno na viwanda vya China, zina kisahani kinachoziba mdomo wa kabureta upande wa chujio la hewa. Hiki kweli kinakaba. Hewa ikizuiwa, mvuto kooni unakuwa mkubwa na petroli inapanda kwa wingi. Aina ya pili haikabi chochote: ni kizibo kidogo kinachofungua njia ya pembeni yenye petroli ya ziada. Njia hiyo hutokea nyuma ya slaidi, ambayo nitaieleza punde, upande wa injini, mahali ambapo mvuto ni mkali resi ikiwa imefungwa. Ukivuta resi wakati unapiga kiki, mvuto ule unapungua na choki yako haifanyi kazi. Nimeona watu wakitoka jasho kwa kosa hili, mkono mmoja umewasha choki na mwingine unaizima bila wao kujua.

Slaidi ndiyo mlango wa koo. Katika kabureta ya kawaida, waya wa resi unaivuta moja kwa moja. Inapopanda, hewa inapata nafasi, na sindano iliyoning'inia chini yake inapanda pamoja nayo. Sindano imechongoka, hivyo kadiri inavyopanda ndivyo petroli inavyopata upenyo mpana zaidi. Chini ya slaidi, upande mmoja, kuna mkato, nao lazima uelekee kwenye chujio la hewa. Nikiwa mwanafunzi gereji niliwahi kuirudisha slaidi kinyume. Haikushuka mpaka chini, na pikipiki ilipowaka tu injini ikapiga kelele mpaka watu wakakimbia. Tangu siku hiyo naangalia mara mbili.

Kwenye kabureta nyingine waya hauigusi slaidi kabisa. Unafungua kisahani kilicho nyuma yake, na slaidi inapandishwa na mvuto wa injini kupitia utando mwembamba wa mpira, huku springi ikiisukuma chini. Wazo hili ni la zamani: Mwingereza George Herbert Skinner, wa ukoo wa wauza viatu, alilifanyia kazi mwanzoni mwa karne ya 20, na kabureta zake za kwanza zilitumia ngozi. Utando huo ukitoboka, pikipiki itawaka na kutulia vizuri kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila kuvutwa resi, lakini ukivuta resi haiendi popote. Wengi hukimbilia kubadilisha plagi na klachi wakati kilichokufa ni kipande cha mpira.

Narudi kwenye choki, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Injini ikishapata moto halafu ikawa inazima kila unapoifunga choki, usiifanye choki mkongojo. Injini inakuambia ina njaa ya petroli au inapata hewa ya wizi. Mara nyingi jeti ndogo ya sailensa imeziba, kwa kuwa kitundu chake hakifiki nusu milimita, au mpira unaounganisha kabureta na injini umepasuka. Jeti isafishwe kwa petroli na upepo wa kompresa. Fundi akichomoa waya wa breki aitoboe nao, mzuie: shaba ni laini, kitundu kikipanuka pikipiki itakula mafuta daima. Nayo choki ikiachwa wazi siku nzima inaleta moshi mweusi, plagi inashika masizi, na petroli mbichi inaosha oili kwenye kuta za silinda.

Kila sehemu ya kabureta ina zamu yake. Resi ikiwa imefungwa au imefunguka kidogo sana, anayelisha ni jeti ndogo. Ikifika karibu robo, mkato wa slaidi una sauti. Kutoka robo hadi robo tatu, kazi ni ya sindano, na zaidi ya hapo ni ya jeti kubwa. Kwa hiyo, kabla ya kumpelekea fundi, bandika kipande cha plasta kwenye mkono wa resi, kitie alama za robo, nusu na robo tatu, kisha uendeshe mpaka ubovu ujitokeze. Mwambie fundi ulijitokeza kwenye alama ipi. Akifungua kabureta bila kukuuliza swali hilo, tafuta fundi mwingine.