Shamba linalopumzika ni la nani?

Wale mliosoma Droo mnapenda kutuuliza siye wa Agronomia: filozofia ya siasa inawahusu nini? Inatuhusu sana, juu ya wanafilozofia njo waliandika shamba ni nini, na wengi wao jembe hawakushika.

Tuchukue John Locke, Muingereza. Mwaka 1689 alitoa kitabu juu ya Serikali, na sura ya 5 ya sehemu ya pili inaongelea mali. Anasema dunia ilipewa watu wote kwa pamoja, lakini kila mtu ni mwenye mwili wake na kazi ya mikono yake. Ukichanganya kazi yako na udongo, udongo unakuwa wako, mradi wengine wabakiwe na wa kutosha, tena muzuri vilevile. Kwa kusikia tu, ni haki kabisa.

Wasomi wanabishana bado juu ya sura ile. C. B. Macpherson, mwaka 1962, aliona ndani yake utetezi wa matajiri. James Tully alimpinga. Baadaye yeye na Barbara Arneil wakaonesha jambo lingine: Locke alikuwa mwandishi wa mabwana wenye koloni la Carolina, na mifano yake mingi inatoka Amerika. Muhindi wa Amerika anamwachia paa aliyemuua, lakini msitu hapana. Pasipo kulimwa, kwake ni patupu.

Sasa tufanye hesabu. Familia inalima hektari 1 miaka 2, kisha inaacha udongo upumzike miaka 10, majani na miti irudishe rutuba. Ili izunguke bila kukatika, inahitaji hektari 6. Mgeni akipita anaona 1 imelimwa na 5 "za bure". Lakini zile 5 ziko kazini! Kupumzisha udongo ni kazi, hata kama hakuna mtu anatoka jasho siku ile.

Hesabu hii ilikosekana kwetu. Tarehe 1 Julai 1885, Serikali ya Leopold II iliamuru kwamba udongo mutupu ni wa Serikali. Wenyeji walibakiziwa ule "wanaoukaa", na neno hilo likasomwa kwa ufupi: nyumba na mashamba yenye mazao. Sisemi Leopold alisoma Locke. Fikra ni ile ile tu. Kisha sheria ya Julai 1973 ikafanya udongo wote wa inchi kuwa mali ya Serikali. Haki za wanakijiji zikaachiwa ordonansi ya Rais, na watu wakaingoja kwa makumi ya miaka. Njo maana mtu mwenye karatasi ya mjini anaweza kufika kijijini na kukuta "hakuna mwenyewe".

Lakini Locke nisimtupe haraka, kama wenzetu wengine wanavyofanya. Kwa desturi za sehemu nyingi za Kivu, udongo unapita kwa wanaume, na mama anayelima maharagi miaka 20 anaweza kufukuzwa siku bwana yake anakufa. Mama huyo akisema "kazi yangu iko ndani ya udongo huu", anaongea Locke, na mimi niko upande wake. Wanaotetea desturi mbele ya Serikali, mama huyu wanamjibu nini?