DVD ya harusi kutoka Dubai: kwa nini hukwama?

Jamaa walioko Mombasa au Unguja hupokea DVD ya harusi iliyofanyika Dubai, lakini picha hukatikakatika, au deki huikataa diski kabisa.

Chanzo kimojawapo ni kasi ya data. Kanuni za DVD, zilizokamilishwa mwaka 1996, zinaruhusu picha kufikia megabiti 9.8 kwa sekunde. Hata hivyo, diski iliyochomwa kwa kompyuta huakisi mwanga hafifu kuliko ile ya kiwandani, na deki kuukuu huweza kushindwa kuisoma kwa kasi hiyo.

Ni salama zaidi kuchagua wastani wa megabiti 6, na kilele kisichozidi 8. Kwa kiwango hicho, harusi ya dakika 90 huenea katika diski ya gigabaiti 4.7.

Picha igeuzwe kuwa MPEG-2 ya mfumo wa PAL, yenye mistari 576 na fremu 25 kwa sekunde. Dubai imo katika kanda ya 2, Kenya na Tanzania kanda ya 5. Kwa hiyo diski isifungiwe kanda yoyote.

Hatimaye, ijaribiwe katika deki kuukuu kabla ya kusafirishwa. Inayosomeka huko, aghalabu husomeka kwingine.