JINA LITALETA ODA YA KWANZA. YA PILI JE?

Wafanyabiashara wenzangu, leo twende Ubelgiji kidogo.

Kuna mwamba anaitwa Eddy Merckx. Kwenye mbio za baiskeli huyu ni habari nyingine: Tour de France kachukua mara 5, na ile ya Italia, Giro, mara 5 pia. Akastaafu 1978. Mwaka 1980 akafungua kiwanda cha baiskeli za mashindano karibu na Brussels, brandi ikabeba jina lake mwenyewe.

Sasa sikia. Kwa jina lile, angebandika stika kwenye baiskeli yoyote na watu wangenunua. Yeye alimfuata Ugo De Rosa, fundi Mwitaliano aliyemtengenezea baiskeli enzi za ushindi wake. De Rosa akamsaidia kuanza na kuwafundisha mafundi wake kuunda fremu. Bingwa alijua kwamba kuendesha ni fani moja, kutengeneza ni nyingine. Baadaye hata timu za kulipwa kama Motorola zilishindana kwa baiskeli zake. Na timu haipandi jina, inapanda baiskeli.

Mimi nilifanya kinyume. Nilikuwa na wafuasi wengi kwa kuuza viatu vya mtumba, nikaona nitoe sandali zenye jina langu. Nikapata oda 40 ndani ya siku 3! Kazi nikampa fundi wa bei rahisi, sikukaa naye hata siku moja. Wiki ya pili gundi ikaachia. Nilirudisha hela za watu mpaka nikagusa ada ya mtoto. Ila kilichoniuma zaidi ni meseji ya dada mmoja: "Nilinunua kwa sababu ni wewe."

Kwa hiyo, kabla hujaweka jina lako kwenye bidhaa:

1. Itumie mwenyewe mwezi mzima. Ivae, ifue, inyeshewe.
2. Kaa na fundi wako. Si lazima ujue kushona, ila lazima uujue mshono mbovu ukiuona.
3. Anza na pisi 10. Subiri wateja wazitumie ndipo uongeze.

Mimi sasa natoa pea 12 kwa mwezi, na yule dada karudi kununua.

Wewe bidhaa yako umeitumia mwenyewe kwa muda gani? Niambie hapo chini.