Landrova ya Jeshi: Lipia Namba, Usilipie Hadithi

Boksi lilikuwa la kaki, na karatasi ya nta iliyofungia spea ndani yake ilishakauka hadi ikawa ngumu kama ngozi. Muuzaji, kijana wa mtaa wa Gerezani, alilishika kwa mikono miwili. "Mzee wangu, hii orijino ya jeshi. Haipatikani tena." Bei aliyotaja ilizidi mara tatu ile niliyozoea kulipa. Ndani mlikuwa na silinda ya breki ya gurudumu. Nikamwomba lebo. Ilikuwa na tarakimu 13, zinaanza na 2530, kisha 99, na chini yake, kwa maandishi madogo, namba ya Land Rover yenyewe. Nikavuka barabara nikaulizia namba hiyo ya pili. Nikaletewa silinda ile ile, mpya.

Spea inayoingia kwenye maghala ya majeshi ya NATO husajiliwa kwa tarakimu 13. Nne za kwanza hutaja kundi lake: 2530 ni breki, usukani, ekseli na magurudumu, 2920 ni umeme wa injini. Mbili zinazofuata ni nchi iliyoisajili: 99 Uingereza, 12 Ujerumani, 14 Ufaransa. Saba za mwisho ni za kifaa chenyewe. Jeshi la Uingereza halikubuni silinda yake ya breki. Lilichukua ya kiwandani likaiandikia namba yake. Kwa hiyo breki, klachi, gia na sehemu kubwa ya injini ya petroli ya 2,286 cc, ukizinunua kwa jina la jeshi, unalipia boksi.

Na kwa vitu vya raba, boksi la zamani ni hasara. Raba ya breki iliyokaa ghalani miaka 40 hukakamaa hata kama haijawahi kuguswa, na viatu vya breki vya enzi hizo kwa kawaida vilikuwa na asbesto. Hapo mimi sipatani bei kabisa, naondoka. Gia ya chuma iliyohifadhiwa ndani ya grisi ni jambo jingine. Hiyo nitaichukua bila kusita.

Mahali ambapo neno "jeshi" lina thamani ya kweli ni kwenye umeme. Landrova za jeshi zilikuwa za aina mbili: za kazi za kawaida, volti 12, na zile zilizoandaliwa kubeba redio, volti 24, zenye betri mbili na alteneta kubwa ya ampea 90. Ili cheche za injini zisiingilie redio, distributa, nyaya na plagi za gari hilo la pili zilifunikwa kwa chuma. Utazijua kwa macho: waya wa plagi haubanwi kwa kusukumwa, unafungwa kwa nati. Vitu hivi havina mbadala wa raia, na ndivyo vinavyomaliza pesa.

Wengi hukimbilia kuibadili Landrova ya volti 24 iwe ya volti 12. Piga hesabu kwanza: alteneta, stata, koili, distributa, plagi, mota ya waipa, balbu zote, na siku za fundi umeme. Sisi huku tuna nafuu moja: malori yetu ni ya volti 24, basi balbu, rilei na betri zinapatikana kwenye kila duka la spea za malori. Lori la dizeli halitakupa distributa, koili wala plagi, lakini hivyo vidogo vidogo litakupa. Kama gari lako bado lina mfumo wake mzima, ushauri wangu ni kuuacha.

Ukinunua gari zima, bei huchezewa zaidi kwenye ile iitwayo Lightweight, iliyotengenezwa kuanzia 1968 hadi 1984 ili ibebwe kwa helikopta. Milango, kioo cha mbele na bampa vinavuliwa, madigadi yamekatwa wima, na upana wake ni kama sentimita 152 tu, wakati ya raia ina 168. Bodi hiyo inaweza kuvalishwa chesisi nyingine. Chukua brashi ya waya, lala chini upande wa kulia mbele, usugue karibu na springi mpaka namba ya chesisi ijitokeze, uilinganishe na kibati na kadi ya gari. Jumba la British Motor Museum kule Gaydon hutoa cheti cha kumbukumbu za kiwandani kwa ada. Kwa anayetaka kulipa bei ya historia, ada hiyo ni ndogo kuliko majuto.

Kijana wa Gerezani nilirudi kwake baadaye. Kwenye kopo la misumari alikuwa na plagi nne za kufunikwa, nati zake zote zipo, nyuzi hazijaliwa. Hakujua ni za nini, na aliniuzia kwa bei ya plagi za kawaida. Nikamweleza, nikamwongezea pesa, nikamwomba akipata nyingine aniwekee.