Faida ya nyumba ni mpangaji asiyehama

Mtumishi akipokea kiinua mgongo, ushauri wa kwanza atakaopewa na shemeji, jirani na hata mchungaji wake ni ule ule: jenga nyumba za kupangisha. Si ushauri mbaya. Shida ni kwamba anayeutoa hupiga hesabu ya upande mmoja. Nyumba nne, laki na nusu kila moja, zidisha mara kumi na mbili, mzee utakula bila jasho. Ndani ya hesabu hiyo nyumba imejaa mwaka mzima, kila mtu analipa kwa wakati, na hakuna bomba linalopasuka.

Tuipige upya. Chukua mtu aliyenunua kiwanja nje kidogo ya Dar es Salaam, tuseme Chanika au Madale, akajenga jengo moja lenye nyumba ndogo nne, kila moja na chumba, sebule, jiko na choo cha ndani. Kiwanja, ujenzi, maji na umeme vimemla shilingi milioni 60. Kwa laki na nusu kwa mwezi, mwaka mzima ni milioni 7.2. Sasa weka maisha halisi: nyumba mbili zikikaa wazi miezi miwili miwili, laki sita imekwenda. Asilimia 10 ya pango ni ya TRA, yaani 660,000. Rangi, vitasa, koki na gari la kunyonya majitaka havikosi kula laki saba. Kinachobaki ni milioni 5.24, sawa na asilimia 8.7 ya fedha uliyozika pale. Mwaka 2022, baada ya Benki Kuu kushusha riba, hatifungani ya serikali ya miaka 25 bado ilikuwa ikilipa asilimia 12.56, na hatifungani haizibi choo.

Sisemi watu waache kujenga. Ardhi hupanda thamani, pango nalo hupanda, na nyumba utawaachia watoto. Ila tazama tena ile hesabu uone fedha ilikovujia. Miezi minne ya nyumba tupu imekula karibu sawa na TRA. Anayeanza biashara hii huhangaika apangishe kwa bei ya juu kadiri inavyowezekana, wakati faida yake imekaa kwa mpangaji anayelipa na asiyehama. Ukimwongezea mtu shilingi elfu kumi kwa mwezi, kwa mwaka umepata laki moja na ishirini. Akikasirika akahama, nyumba ikakaa wazi mwezi mmoja tu, umepoteza laki na nusu, na fundi rangi bado hujamlipa.

Na kodi si sababu pekee ya mpangaji kuhama. Wengine wanahama kwa sababu ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba nne zikiwa kwenye mita moja, mwenye friji ataambiwa anamaliza umeme. Anayepiga pasi usiku atanuniwa, na fundi cherehani wa nyumba ya mwisho atatakiwa achange mara mbili. Siku umeme unapokatika saa nne usiku, kila mmoja anasubiri mwenzake anunue, na mwishowe simu inalia kwako, mwenye nyumba. Tena TANESCO wana bei nafuu kwa mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, na familia nne kwenye mita moja haziwezi kubaki humo. Juu yake, tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini inamkata yule aliyenunua umeme wa kwanza mwezi ule. Hajui fedha yake imekwendaje, anachojua ni kwamba uniti zimepungua. Weka kila nyumba na mita yake tangu siku ya kwanza, na hiyo 1,500 uipunguze kwenye pango. Hakuna shilingi elfu moja mia tano itakayokununulia heshima kubwa kuliko hiyo.

Maji nayo yana mambo yake. Bomba la DAWASA kupita mbele ya geti si sawa na maji kutoka jikoni, kwa hiyo tenga fedha ya tangi na mnara wake kabla ya kufikiria dari ya jipsamu. Karo lichimbwe mahali gari la majitaka linaweza kufika. Wapo waliojenga ukuta mzuri, wakaweka na geti la kisasa, halafu karo lilipojaa ndipo wakagundua gari halipiti na mpira haufiki.

Haya yote yanaanzia kwenye kiwanja. Muuzaji akikupeleka kukiangalia mwezi wa Januari jua likiwaka, rudi mwenyewe Aprili mvua ikinyesha, kisha rudi tena saa tatu usiku uone mpangaji wako atashukia wapi kwenye daladala na atatembea njia gani. Bonde la Msimbazi limewafundisha wengi kwamba kiwanja cha bei ya kutupwa kina sababu zake. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilipigwa alama ya X na kuvunjwa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Barua ya serikali ya mtaa peke yake haitoshi. Nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi ujue jina lililo kwenye hati, kama kuna deni la benki, na eneo limepangiwa nini. Ukiuziwa na baba mwenye familia, mkewe naye asaini.

Sasa tuje kwa dalali. Hapa Dar ujira wake ni kodi ya mwezi mmoja, na anayeulipa ni mpangaji. Kwa hiyo dalali anakula kila mtu anapohama, na wewe unakula mtu anapokaa. Mtumie akuletee watu, lakini usimwachie achague. Mwite mgeni mzungumze, uliza alikokuwa anakaa, kisha mpigie mwenye nyumba wake wa zamani. Si yule wa sasa, ambaye anaweza kumsifia ili aondoke.

Kuhusu malipo, mazoea ni miezi sita kwa mkupuo, na wapo wanaodai mwaka. Mimi naona mitatu inatosha kwa nyumba za watu wa kawaida. Mwalimu au muuguzi anayelipa vizuri kila mwezi anaweza kushindwa kutoa laki tisa siku moja, na ukimkataa umemkataa mtu bora. Mkupuo nao humponza mwenye nyumba: fedha ya miezi sita inaliwa ndani ya wiki mbili, mwezi wa tatu bati linavuja na mfukoni hamna kitu. Kila ukipokea kodi, weka pembeni walau shilingi kumi na tano katika kila mia, kwenye akaunti usiyoishika.

Mpangaji akigoma kulipa, using'oe mlango wala kuezua bati, hata kama jirani yako alifanya hivyo na hakuna kilichompata. Mpe notisi ya maandishi, na ikishindikana nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni njia ndefu, lakini ukijichukulia sheria mkononi, mdaiwa wako anaweza kugeuka kuwa mdai.

Barazani utaulizwa mkataba. Uandike hata kama mpangaji ni mtoto wa dada yako: kiasi cha kodi, muda, notisi, nani anatengeneza nini, na hali ya nyumba siku alipoingia, pamoja na picha. Kisha uulipie ushuru wa stempu TRA, ambao ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa nyumba ya laki na nusu kwa mwezi ni shilingi 18,000. Wengi wanaziruka, na hawajui kwamba mkataba usio na stempu haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na adhabu yake.