Bukavu: Taa ya onyo ya freni ikiwaka kwenye tabloo, kuizima siyo kutengeneza gari

Kutoka Bukavu kwenda Uvira, barabara ya taifa nambari 5 inapita Nyangezi, kisha inashuka milima ya Ngomo hadi Kamanyola. Ziwa Kivu liko kwenye urefu wa karibu mita 1 460 juu ya bahari, Ziwa Tanganyika karibu mita 770. Gari linalofanya safari hiyo linashuka takriban mita 700, na kwenye kona za Ngomo linabebwa na freni pamoja na vitesi ya chini tu.

Kwa barabara ya namna hiyo, taa nyekundu inayowaka kwenye tabloo, yenye alama ya mshangao ndani ya duara, siyo jambo la kungojea mwisho wa wiki. Lakini mara nyingi linangojewa. Shofere wa takisi ana pesa anazopaswa kumletea mwenye gari kila jioni, na siku moja garajini ni siku bila mapato. Ndipo inakuja njia ya mkato: mafuta ya freni yanaongezwa, taa inazimika, abiria wanapanda. Wengine wanafika hata kukata waya wa taa yenyewe.

Hapo ndipo kosa linaanza. Taa hiyo haisemi ni kitu gani kimeharibika. Inaonyesha tu upande wa kutafuta.

Maswali matatu kabla ya kufungua mfuko

Kwenye magari mengi yanayotembea Kivu, hasa Toyota zilizokwisha tumika Japani na zenye usukani upande wa kulia, maandishi kwenye skrini yanaweza kuwa ya Kijapani. Rangi lakini hazihitaji kutafsiriwa. Nyekundu inamaanisha simama uangalie. Manjano inamaanisha kuna hitilafu ya kupimwa bila kuchelewa.

Swali la kwanza ni rahisi: je, freni ya mkono imeachiliwa kabisa? Kwenye magari mengi taa nyekundu ni moja kwa freni ya mkono na kwa upungufu wa mafuta. Mkono uliobaki juu kidogo, au swichi yake iliyokwama kwa vumbi, inatosha kuiwasha.

Swali la pili liko chini ya kapo. Chupa ya mafuta ya freni ina mistari miwili, MIN na MAX. Gari lisimame mahali tambarare, kisha mtu atazame. Taa inayowaka kwenye kona au kwenye mteremko na kuzimika barabara ikinyooka ni dalili ya mafuta kukaribia mstari wa chini: yanayumba ndani ya chupa na kukiacha kile kielezi kinachopima kiwango.

Swali la tatu ndilo watu wengi wanaliruka: ikiwa mafuta yamepungua, yamekwenda wapi?

Mafuta ya freni hayaliwi kama esanse

Mafuta hayo yamefungwa ndani ya mabomba. Yakishuka, sababu ni moja kati ya mbili: plaketi zimelika, au kuna mahali panapovuja.

Plaketi zikipungua unene, pistoni inatoka zaidi ili kuzifikia disiki, na mafuta yanajaza nafasi iliyo nyuma yake. Hayajapotea, yamehama. Kwa hiyo taa inayowaka polepole baada ya miezi mingi inaweza kuwa inasema: plaketi zimekaribia kwisha. Anayeongeza mafuta bila kutoa gurudumu anainyamazisha, huku plaketi zikiendelea kulika hadi chuma kinasugua chuma. Na siku plaketi mpya zitakapofungwa, pistoni ikirudishwa ndani, mafuta aliyoyaongeza yatafurika kwenye chupa na kuharibu rangi ya gari. Plaketi mpya nyingi zina unene wa karibu milimita 10. Chini ya milimita 3 ni wakati wa kubadilisha.

Uvujaji una sura nyingine. Kiwango kinashuka haraka, na unyevu unaonekana upande wa ndani wa gurudumu au chini ya gari. Kuna kipimo kisichohitaji mashine. Injini ikiwa imezimwa, pedali inakanyagwa mara kadhaa hadi iwe ngumu, kisha inashikwa kwa nguvu nusu dakika. Ikizama polepole, mafuta yanatoroka mahali fulani, ama nje, ama ndani ya pompi kubwa ya freni. Gari hilo lisiende Ngomo, wala lisishuke Kadutu.

Aina ya mafuta pia ina maana. Kifuniko cha chupa kinaonyesha DOT 3 au DOT 4. Hizo mbili zinaweza kuchanganyika. DOT 5 ya silikoni haichanganyiki nazo. Na mafuta ya injini hayafai kamwe: yanavimbisha mipira yote ya ndani, na kazi ya dola chache inageuka kuwa kubadilisha mtambo mzima.

Taa ya manjano ya ABS

Ikiwaka ABS peke yake, freni za kawaida kwa jumla zinabaki zikifanya kazi, lakini magurudumu yanaweza kukwama na kuteleza dereva akikanyaga kwa ghafla kwenye tope au mvua. Zikiwaka zote mbili, ABS na ile nyekundu, jambo ni zito zaidi: mtambo unaogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma unaweza kuwa umezimika nao, na gari linaweza kuyumba likisimamishwa haraka.

Hapa skaneri inasaidia, kwa sharti iwe inasoma mtambo wa ABS. Vile vifaa vidogo vya bei nafuu vya kuunganisha na simu, vingi vinasoma injini tu. Kukosa kosa kwenye simu siyo uthibitisho kwamba freni ni nzima. Kwenye Toyota, kodi C0200 inataja kapteri ya gurudumu la mbele kulia, na C0205 la mbele kushoto.

Hata hivyo kodi inataja mahali, haitoi hukumu. Kabla ya kununua kapteri mpya, fundi anapaswa kusafisha tope, kufuata waya hadi mwisho na kutikisa gurudumu kuona kama linacheza. Batri dhaifu pia inaweza kuwasha taa hiyo.

Hatari ambayo taa haioni

Tabloo isiyo na taa siyo cheti cha uzima. Mafuta ya freni yanavuta unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka. DOT 3 mapya yanapaswa kuvumilia angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Yakishavuta maji, kipimo hicho kinashuka hadi 140. Kwenye mteremko mrefu, mguu ukikaa juu ya pedali, joto linafika huko. Mafuta yanachemka, mvuke unaingia kwenye mabomba, na pedali inaenda hadi chini. Chupa bado imejaa, kwa hiyo taa haiwaki. Ndiyo sababu mafuta haya yanabadilishwa yote, kwa kawaida kila miaka miwili hivi, hata kama kiwango hakijashuka.

Mazoea ya kutoa vitesi kwenye mteremko ili kupunguza esanse yanaleta hatari hiyo karibu, kwa sababu uzito wote unabaki kwa freni.

Ikitokea njiani

Taa nyekundu ikiwaka gari likiwa mwendoni, dereva anaondoa mguu kwenye esanse, anashuka vitesi moja moja na kupima pedali. Ikiwa laini, anaipiga-piga haraka na kuvuta freni ya mkono kidogo kidogo, siyo kwa mara moja. Injini haizimwi kabla gari halijasimama, kwani ndiyo inayosaidia pedali kuwa nyepesi. Magurudumu yakinuka moto, yanaachwa yapoe yenyewe. Maji baridi yanaweza kupasua disiki.

Baada ya hapo, gari lenye pedali inayozama au linalovuja linavutwa hadi garajini. Abiria wanatafutiwa gari lingine, hata kama inamaanisha kuwarudishia pesa zao.