Kieslowski: Mwongozaji aliyeacha dokumentari kulinda siri za watu

WENGI wanaolifahamu jina la Krzysztof Kieslowski humkumbuka kwa filamu zake tatu za mwisho, zilizopewa majina ya rangi za bendera ya Ufaransa. Ni wachache wanaojua kuwa mwongozaji huyo wa Poland alitumia zaidi ya miaka kumi kutengeneza dokumentari, kisha akaziacha kwa kuhofia kuwa kamera yake ingewadhuru aliowarekodi.

Kieslowski alizaliwa mjini Warsaw Juni 27, 1941. Akiwa kijana alijiunga na chuo cha zimamoto, akaacha baada ya miezi mitatu. Chuo cha Filamu cha Lodz nacho kilimkataa mara mbili kabla ya kumpokea mwaka 1964.

Poland wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Kikomunisti, na habari zilipita kwa wakaguzi kabla ya kuwafikia wananchi. Kuonyesha maisha ya kawaida kulikuwa njia ya kusema yasiyoandikwa magazetini. Katika "Hospitali" ya mwaka 1976, Kieslowski aliwafuata madaktari wa upasuaji wakiwa katika zamu ya saa 32, wakifanya kazi kwa vifaa vibovu.

Hata hivyo, kadiri alivyowakaribia watu ndivyo mashaka yake yalivyoongezeka. Katika "Penzi la Kwanza" ya mwaka 1974, aliwarekodi vijana wawili tangu ujauzito hadi mtoto wao alipozaliwa. Baadaye alikiri kuwa machozi ya kweli yalimtisha, kwani hakuwa na hakika kama alikuwa na haki ya kuyapiga picha.

Mwaka 1977 alimrekodi mlinzi wa kiwanda aliyependa amri na kuunga mkono adhabu ya kifo. Filamu hiyo ilisifiwa, lakini Kieslowski mwenyewe alipinga isionyeshwe kwenye televisheni, ili mlinzi huyo asije akadhihakiwa na majirani.

Pigo kubwa zaidi lilikuja alipokuwa akitengeneza "Stesheni", filamu ya mwaka 1980 kuhusu stesheni kuu ya treni ya Warsaw. Polisi walizichukua picha zake wakimtafuta msichana aliyemuua mama yake na kuificha maiti katika masanduku stesheni hapo. Msichana huyo hakuonekana katika picha hizo, lakini Kieslowski alitambua kuwa, kama kamera ingeelekea upande mwingine kidogo, angekuwa msaidizi wa polisi bila kutaka.

Tangu hapo aliegemea hadithi za kubuni, ambamo mwigizaji hulia kwa hiari yake na akimaliza kazi hurudi nyumbani na siri zake.

Matunda yake makubwa ni "Dekalogi", tamthilia ya televisheni yenye sehemu kumi za takriban saa moja kila moja. Aliiandika na mwanasheria Krzysztof Piesiewicz, wakizitazama Amri Kumi kupitia wakazi wa mtaa mmoja wa maghorofa mjini Warsaw.

Jicho la dokumentari halikupotea humo. Sehemu ya tano, ambayo toleo lake refu la sinema lilipata Tuzo ya Baraza la Majaji katika tamasha la Cannes mwaka 1988, inamwonyesha kijana anayemuua dereva wa teksi bila sababu, kisha dola inavyomnyonga kwa utaratibu uleule wa kutisha. Poland ilikuwa bado na adhabu ya kifo kisheria, na filamu hiyo ilizidisha mjadala juu yake.

Kieslowski alitangaza kustaafu mwaka 1994. Alifariki dunia mjini Warsaw Machi 13, 1996, akiwa na umri wa miaka 54, baada ya kufanyiwa upasuaji wa moyo.

Swali alilolikimbia bado linamkabili kila anayeshika kamera: ukweli unaoutafuta, nani ataulipia gharama yake?